Kutolingana na Kujificha: Suala la Haki katika Sataranji

Katika sataranji, kutolingana kwa wachezaji huandikwa kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Mfumo wa Arpad Elo, ambao shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliupokea mwaka 1970, humpa kila mshindani tarakimu yake. Tofauti ikifika 400, mnyonge hutarajiwa kuambulia alama 9 hivi katika michezo 100. Je, ni haki kuwakalisha wawili hao meza moja?

Wapo watakaojibu kwamba dhuluma haipo maadamu sheria ni zilezile kwa wote. Jibu hilo halitoshi. Tarakimu ni kauli: humwarifu mnyonge yuko mbele ya nani, naye akaamua kama atanyatia sare au atajitosa. Akishindwa, ameshindwa kwa uamuzi wake.

Kauli hiyo ilighushiwa Nairobi, Aprili 2023. Katika mashindano ya wazi ya Kenya, mwanafunzi mmoja wa kiume wa chuo kikuu alijiandikisha katika kundi la wanawake kwa jina la kike, bila kiwango chochote, akaketi mezani amevaa buibui na niqabu. Aliwashinda wachezaji wenye nguvu hadi viatu vyake na ukimya wake vilipozua shaka. Alipohojiwa alikiri, akataja shida ya fedha. Katika tamthilia, vazi la kujificha huzaa kinaya kwa sababu hadhira inaijua siri. Ukumbini mle hapakuwa na hadhira ya namna hiyo. Wapinzani wake walirudishiwa alama, lakini si zile saa walizotumia kumpima mtu asiyekuwapo.

Utetezi wa ufukara, hata hivyo, haufai kupuuzwa. Tuchukulie mchezaji wa Ikonge, Nyamira, aliyejifunza kwa ubao wa kuazima na asiyemudu nauli wala kiingilio cha mashindano yanayohesabiwa. (Kete za mawe wanazouziwa watalii huchongwa Tabaka, Kisii, karibu naye kuliko mashindano yenyewe.) Yeye pia hana tarakimu. Siku atakapofika Nairobi na kumwangusha bingwa, bingwa atajihisi amelaghaiwa. Lakini nani aliyemlaghai? Huyu hakujificha; ufukara ndio uliomficha, naye amekuja kwa jina lake na uso wake. Mashindano yakiisha, jina hilo litaingia daftarini pamoja na alama zake, na mpinzani wa mwaka utakaofuata atalikuta huko.