Stara ya Nani? Choo cha Pamoja katika Vyuo vya Mwanza

Swali la nani aingie choo kipi chuoni huonekana dogo mno kwa falsafa, lakini linagusa jambo ambalo Ukristo na Uislamu wa ukanda wa Ziwa Victoria umelifundisha kwa muda mrefu, yaani stara, ambayo ni haki ya mtu kutoonekana na wasiohusika anapotimiza haja za mwili wake. Choo cha pamoja, kwa maana ya makala haya, si safu ya matundu inayotumiwa na wanaume na wanawake kwa wakati mmoja, bali ni chumba kimoja chenye kuta zinazofika juu, komeo, maji na beseni humo humo, ambacho mtu yeyote hukitumia kwa zamu yake.

Kwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanzishwa na maaskofu Wakatoliki wa Tanzania mwaka 1998 huko Malimbe, swali hili lina uzito wa pekee. Tamko la Dignitas Infinita, lililotolewa na Vatikani Aprili 2024, linashika mambo mawili kwa pamoja: linafundisha kwamba utu wa kila binadamu hauna kikomo wala hautegemei hali aliyo nayo, na papo hapo linakataa nadharia ya jinsia, yaani fundisho kwamba mtu aweza kujiamulia jinsia yake bila kujali mwili aliozaliwa nao. Msomaji mwenye haraka atadhani kuwa hilo la pili linakifunga choo cha pamoja. Sivyo, kwa kuwa chumba chenye komeo hakimhoji aliyemo ndani kuhusu nafsi yake, na kwa hiyo hakimlazimishi mwenye chuo wala mwanafunzi kukiri asichokiamini.

Wanazuoni wa Kiislamu walikutana na swali la jirani zamani sana. Fiqhi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, inamjadili huntha, yaani mtu aliyezaliwa na viungo visivyobainisha kama ni mwanamume au mwanamke, na katika sala ya jamaa inampanga nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Mafakihi hawakuzifuta safu zilizokuwapo, wala hawakumtoa msikitini. Walimtafutia pa kusimama, na ni vigumu kuona kwa nini mchora ramani wa leo ashindwe na walichokiweza wao.

Pingamizi la mila, kwamba wanaume na wanawake hawachangii choo, ni zito zaidi. Katika baadhi ya jamii za ukanda wa ziwa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja, ilhali mume, mke na watoto wao hutumia kimoja bila haya. Mpaka unaolindwa hapo ni wa heshima ya ukwe kuliko wa jinsia. Hata sheria za kutenganisha vyoo vya kazini kwa jinsia ni changa, kwani huko Marekani ya kwanza ilipitishwa na jimbo la Massachusetts mwaka 1887, enzi za viwanda. Hata hivyo mwanafunzi aliye katika hedhi, au anayeogopa kusumbuliwa usiku, asinyang'anywe choo cha wanawake kwa kisingizio cha usawa: chumba cha pamoja kiongezwe, kisichukue nafasi ya kingine.

Anayeumizwa zaidi na mpangilio wa milango miwili, mmoja wa wanaume na mwingine wa wanawake, na ambaye mabishano ya jinsia humsahau, ni mwanafunzi mwenye ulemavu anayesaidiwa na mtu wa jinsia nyingine, kama kijana wa kiti mwendo aliye na dada yake, au mwanamke asiyeona anayeongozwa na mumewe. Msaidizi akiingia anavunja stara ya wengine, na akibaki nje anamwacha ndugu yake bila msaada. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini Mwanza ni jiji la vilima vya mawe na ngazi nyingi, ambako choo kilichojengwa vizuri juu ya vidato kumi hakimfai asiyeweza kupanda. Kamati za ujenzi za vyuo, vya dini na vya serikali, zisiidhinishe ramani ya jengo la mihadhara isiyo na chumba kimoja cha namna hii katika ghorofa ya chini, chenye mlango mpana na njia ya mteremko isiyo na ngazi.