Mgonjwa wa Kifafa na Haki ya Kuulizwa

Wako watu wasemao kwamba mwenye kifafa hana akili ya kuulizwa jambo. Huku kwetu, Kasulu na Kibondo, mara nyingi shauri lake hutolewa na baba yake au kaka zake, naye huketi kando akisikiliza. Tena wengi huogopa povu lake, hata akiangukia mafiga husita kumvuta. Hofu hiyo si ya kwetu tu. Daktari Louise Jilek-Aall aliikuta Mahenge, kwa Wapogoro, alipowatibu wenye kifafa huko miaka ya 1960. Walakini kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mtu.

Basi ni ajabu kwamba mtu huyu aogopwaye amekuwa mwalimu wa madaktari. Wako wagonjwa ambao dawa haziwafai. Ili kujua kifafa chao chaanzia wapi ubongoni, wapate kupakata mahali hapo, madaktari wa hospitali kubwa za ng'ambo huweka nyuzi nyembamba za madini juu ya ubongo au ndani yake, na mgonjwa hukaa nazo siku kadhaa, pengine hata wiki mbili. Katika siku hizo hupitisha umeme mdogo mahali pamoja, wakatazama ni wapi pengine paitikiapo, kama mtu apigaye ngoma kilimani akasikiliza ni kijiji kipi kijibucho. Mwaka 2004 Riki Matsumoto na wenzake walionyesha hivyo kwamba sehemu ya ubongo itumikayo kwa kusema, na ile itumikayo kwa kufahamu maneno, zimeungana, na habari hupita pande zote mbili. Jambo hili mnyama hawezi kutufundisha, maana mnyama hasemi.

Lakini je, ni halali kujifunza kwa mtu aliye taabuni? Mwaka 1874, huko Cincinnati, Marekani, daktari Roberts Bartholow alimtia sindano za umeme ubongoni Mary Rafferty, mtumishi wa nyumbani, ambaye fuvu lake lilikuwa limeliwa na saratani. Alipozidisha umeme, mwanamke alishikwa na kifafa. Baada ya siku chache akafa. Wenziwe walipomlaumu, Bartholow alijibu kwamba mgonjwa alikubali.

Alikubali! Mtumishi maskini, mbele ya bwana daktari, angejibu nini? Sisi twajua neno hili vizuri. Mtoto wetu hufundishwa kumwitikia mkubwa kabla hajaelewa alilotakwa, na “ndiyo” yake ni ya adabu tu.

Wengine watasema kwamba ubongo ukiwa mgonjwa, hakuna wa kuulizwa. Sikubali. Wilder Penfield wa Montreal aliwagusa kwa umeme ubongo wagonjwa walio macho. Mkono ulipoinuka, mgonjwa alisema kwamba si yeye aliyeuinua, bali daktari. Basi yumo mtu ajuaye lililo lake na lisilo lake, na huyo ndiye wa kuulizwa, si kaka yake.

Kwa hiyo naona uchunguzi huu ni halali, kwa masharti. Nyuzi ziwekwe kwa ajili ya tiba yake, si kwa ajili ya elimu yetu. Ombi la uchunguzi liwe mbali na ombi la matibabu, na afadhali lisiletwe na yule atakayempasua. Naye akikataa, mwombaji afunge daftari lake aondoke, na matibabu yaendelee kama yalivyokuwa.