Siku ya Upatanisho



Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 16, twasoma habari za siku kuu ambayo Wayahudi waishika hata leo, siku ya kumi ya mwezi wa saba kwa hesabu yao. Tangu jioni hata jioni hawali wala hawanywi. Kazi zote huachwa, nao huziungama dhambi zao mbele za Mungu. Hata katika Afrika ya Mashariki wako waishikao: karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, wafuasi wa njia aliyoianza Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipowakataza, katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, bali wachache walisali kwa siri.

Labda mtu wa Ugogo atasema, "Kufunga kuna faida gani? Njaa twaijua." Ni kweli. Wazee wetu waliiona Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1918 hata 1920. Lakini njaa iletwayo na ukame yaweza kuukaza moyo, kila mtu akalinda ghala lake. Saumu ni njaa ya hiari, ili moyo ulegee.

Tena walimu wa Wayahudi tangu kale hufundisha neno zito: siku hiyo husafisha makosa ya mtu kwa Mungu, bali makosa yake kwa mwenzake haiyasafishi, asipomwendea kwanza na kumridhisha. Bwana Yesu naye, katika Mathayo 5, amwagiza mwenye sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake.

Sisi twaamini ya kuwa Kristo aliingia patakatifu mara moja kwa ajili yetu, wala msamaha hatuununui kwa kufunga. Je, neema hiyo itufanye wazito wa kumwendea jirani? Yuko aliyemkopesha mjane pishi moja ya uwele wakati wa ukame, akamdai mbili wakati wa mavuno. Yuko aliyepewa mbuzi wa kutunza, wakazaa, akawaficha wana wao. Nao wote hukutana mezani pa Bwana.

Basi, kabla hatujaikaribia tena meza hiyo, twende nyumbani kwa yule tuliyemkosa. Turudishe pishi ile, tulitaje kosa wazi, tuombe radhi. Waalimu na watangulie, maana kundi hufuata nyayo. Na tukikuta mlango umefungwa, turudi kesho.

Amin.