Je, Kaa wa Matopeni Ana Haki Juu Yetu?

Ndugu msomaji, ukienda Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, utakuta habari ya bustani mbili. Ya kwanza ilipandwa na mtu: Sir John Kirk, balozi wa Uingereza katika karne ya 19, alikuwa na nyumba hapo, akapanda miti ya nchi mbalimbali. Ya pili ni mikoko ya ufukweni. Hiyo haikupandwa na mtu, nayo ndiyo itupiwayo takataka.

Ingia humo maji yakipwa. Mchu umesimamisha mizizi yake juu ya tope kama vidole, ipate kuvuta hewa, na chumvi iliyozidi huitoa kwa majani. Mkoko una ajabu zaidi. Mbegu yake huota ingali imeshikamana na mamaye, ikarefuka kama mkuki mdogo, na ikiisha kupata nguvu ndipo huachiliwa, ijichome topeni au ichukuliwe na maji. Chini, kaa dume hupunga gando lake moja kubwa mbele ya shimo, yangeyange amsubiri.

Nani alea haya yote? Kila siku katika Sala twamsifu Mwenyezi Mungu kuwa ni Mola wa walimwengu wote. Neno la Kiarabu, Rabb, halina maana ya mwenye mali tu. Ni mlezi akuzaye kitu daraja kwa daraja mpaka kikamilike. Wala hatusemi Mola wa watu peke yao. Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'am, imewahesabu wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Basi aliyemsifu Mola hivyo alfajiri, kisha akamwaga taka mikokoni kabla jua halijapanda, ulimi wake na mkono wake haviswali sala moja.

Huenda ukajibu kuwa vyote vimeumbwa vitutumikie. Kweli, nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa boriti za mikoko, wala sioni dhambi humo. Lakini kuruhusiwa kutumia siko kumiliki. Tena hapo Mbweni swali la "chafaa nini?" lina historia chungu. Katika miaka ya 1870 misheni ya Kianglikana iliwakalisha hapo watumwa walioachiliwa, watu ambao thamani yao ilikuwa imekadiriwa na wanunuzi. Mti si mtu, bila shaka. Ila kipimo kile kilikuwa cha uongo tangu mwanzo.

Limebaki jambo gumu. Mama asiye na kuni akata tawi la mkandaa apate kupika. Mwingine aleta kifusi kwa gari, afukie mikoko apate kiwanja. Sheria yaweza kuwaita wote wawili wakosaji. Mimi siwezi kuwaweka katika mizani moja: yule ametumia kwa dhiki yake, na huyu amekata riziki ya umma ambao hakupata hata kuutazama.