Naweza, Siwezi, Bado

Karibu kila mtu aliyejifunza kupiga piano anaujua mwanzo wa sonata ya Beethoven iitwayo ya Mwanga wa Mwezi. Hata asiyejua jina lake, akiusikia husema: "Huu nimekwisha usikia." Mwendo wake ni wa polepole, sauti yake ni ya chini, na noti zake hazikimbii. Mwanafunzi wa miaka miwili mitatu huitazama karatasi, akasema moyoni: "Hii naiweza."

Twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno hilo, "naiweza." Ni neno dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa. Mtu atajuaje kazi inayolingana na nguvu zake? Na akichagua kazi inayozipita nguvu zake, je, ni kiburi, ama ni ushujaa?

Kwanza tuseme habari ya sonata yenyewe. Ludwig van Beethoven aliitunga mwaka 1801, ikachapwa Vienna mwaka 1802. Jina la Mwanga wa Mwezi si lake. Lilienea baada ya kufa kwake mwaka 1827. Sonata ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ile ya polepole inayojulikana na wengi. Ya pili ni fupi na nyepesi. Ya tatu ni tufani. Mkono wa kuume wapanda mbio kutoka chini hadi juu, huko juu wapiga kwa nguvu mara mbili, kisha warudi chini na kuanza tena. Wanaoweza kuipiga sehemu ya kwanza ni wengi. Wanaoweza ya tatu ni wachache. Lakini wale wengi nao husema: "Naijua sonata ya Beethoven." Kumbe wameujua mlango tu, nyumba hawajaiingia.

Sisi wenyewe tuliingia katika kosa hilo. Tulipokuwa tungali wanafunzi, tulijifunza sehemu ya kwanza kwa miezi miwili, tukasifiwa. Sifa hizo zikatulevya. Tukamwendea mkubwa wa shule, tukamwahidi kwamba siku ya sikukuu ya shule tutapiga sonata nzima mbele ya wazazi na wageni. Zilibaki wiki sita. Tukaanza sehemu ya tatu kwa mwendo wa mbio, maana tuliona haya kuipiga polepole kama mtoto. Kila siku tulikosa mahali palepale, na kila siku tulipapita upesi ili tusipasikie. Wiki ya tatu kifundo cha mkono kikaanza kuuma.

Mwalimu wetu wa piano alikuwa mzee wa maneno machache. Alitusikiliza, kisha akasema: "Mwanangu, nipigie mstari wa kwanza, mkono wa kuume peke yake, polepole, kama mtu anayehesabu fedha za watu." Tukajaribu, tukakosa. Tukajaribu mara ya pili na ya tatu, tukakosa tena. Akasema: "Unaona? Vidole vyako vinakimbia kwa sababu vinaogopa kuonekana. Sasa nenda kwa mkubwa wa shule, umwambie ya kwamba utapiga sehemu ya kwanza tu."

Tulimsihi atuache tujaribu bado. Akakataa. Akasema: "Umeahidi kitu usicho nacho. Watu watakuja kusikiliza Beethoven, nawe utawapa kelele." Tukaenda. Kusema neno lile mbele ya mkubwa wa shule kulikuwa kugumu kuliko noti zote za sonata.

Tangu siku ile tumefikiri mara nyingi juu ya ugumu wa kazi. Wako watu waliojaribu kuupima. Wachapaji wa G. Henle wa Ujerumani hugawa nyimbo za piano katika daraja tisa, toka 1, iliyo nyepesi, hata 9, iliyo ngumu kupita zote. Hesabu hiyo yafaa, kama vile yafaa kumwambia msafiri umbali wa njia. Lakini umbali hausemi habari ya miguu ya msafiri. Mwenye mkono mdogo hutaabika mahali ambapo mwenye mkono mkubwa hapaoni. Mwenye vidole vyepesi pengine hushindwa kupiga polepole.

Tena uko ugumu uliojificha. Hata ile sehemu ya kwanza si nyepesi kama idhaniwavyo. Mkono wa kuume hufanya kazi mbili pamoja: huendeleza zile noti tatu tatu zisizokoma, na huku kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote, chatakiwa kuuimbisha wimbo juu yake. Mwanafunzi azipata noti zote, na wimbo bado haujaimba. Mozart naye aliandika mwaka 1788 sonata ndogo, akaiita mwenyewe ya wanaoanza. Noti zake ni chache na wazi, na kwa hiyo kosa dogo husikika na wote, kama doa katika nguo nyeupe.

Basi, mtu ajipimeje? Twaona maswali matatu. La kwanza: Ule ukurasa ulio mgumu kuliko yote, naweza kuupiga polepole pasipo kosa? La pili: Baada ya wiki moja ya kazi ya kweli, kuna kilichoongezeka? La tatu: Mwili wanisaidia, ama walia? Swali hilo la mwisho tusilidharau. Robert Schumann alitamani kuwa mpiga piano mkubwa, lakini angali kijana mkono wake wa kuume ukaharibika. Watu hubishana hata leo juu ya chanzo chake. Wengine hutaja kifaa alichokitumia kuvizoeza vidole. Aliacha kutumaini kazi ya kupiga, akawa mtungaji.

Labda msomaji atasema: "Ikiwa ni hivyo, heri tushike mambo mepesi tu." Hapana. Mwaka uleule wa 1801 Beethoven alimfunulia kwa barua rafiki yake Wegeler kwamba masikio yake yanazidi kudhoofika. Hakuiacha kalamu. Mwaka 1818 alimaliza sonata nyingine, ya namba 106, ambayo wapigaji wa wakati ule waliiogopa. Mwaka 1836 Franz Liszt aliipiga Paris. Kama watu wote wangechagua mepesi, kazi hizo zisingetungwa, wala zisingesikika.

Kwa hiyo twajibu hivi: kiburi hakimo katika ukubwa wa kazi. Kiburi ni kukataa kupimwa. Anayesema "naweza" kabla ya kujipima amekataa kipimo. Lakini anayesema "siwezi" kabla ya kujaribu naye amekikataa vilevile, ingawa watu humsifu kwa unyenyekevu. Lugha yetu inalo neno la tatu, zuri kuliko hayo mawili: "bado." Mwenye kusema "bado" hukiri kwamba hajafika, wala hakai chini njiani. Wahenga walisema: Maji usiyoyafika hujui kina chake. Hawakusema tusiyaingie.

Siku ya sikukuu tulipiga sehemu ya kwanza peke yake. Kesho yake tulirudi kwa mwalimu, tukaanza ya tatu upya, mkono mmoja, polepole, mstari mmoja kwa juma. Ilituchukua mwaka na nusu. Hata leo mwendo wetu haufikii ule alioutaka Beethoven. Mtu akituuliza kama tunaijua sonata ile, twamjibu kwa neno lilelile tulilolisema kwa haya mbele ya mkubwa wa shule. Siku hizi twalisema pasipo haya.