Kibali cha Nani?

Asubuhi ya Jumamosi kwenye viwanja vya softiboli ya wasichana huko Marekani, kabla mpira wa kwanza haujatupwa, mwamuzi huyapitia magongo ya kila timu, akiligeuza moja moja na kulichungulia. Hatafuti nyufa tu, anatafuta muhuri. Gongo lenye muhuri wa chama cha USSSA peke yake halipiti kwenye mashindano ya ubingwa ya chama kingine, USA Softball, hata kama wiki iliyopita lilirusha mpira nje ya uzio na hakuna aliyenung'unika. Gongo ni lile lile, na msichana ni yule yule wa miaka 12. Kilichobadilika ni chama kilichoyapa mashindano kibali.

Na vyama ni vingi. Mchezo wenyewe ulizaliwa Chicago mwaka 1887, George Hancock na wenzake walipocheza ukumbini kwa mti wa ufagio na glavu ya ndondi iliyokazwa kwa kamba. Mwaka 1933 kikaundwa chama cha ASA, ambacho tangu 2017 kinaitwa USA Softball. Makao yake ni Oklahoma City, na ndicho kinachosimamia timu ya taifa. USSSA ilifuata mwaka 1968. Little League ya Williamsport, Pennsylvania, ilianza 1939 kwa besiboli ya wavulana, ikaongeza softiboli ya wasichana mwaka 1974. Kuna PGF, kuna NSA, na vingine. Kila kimoja kina kitabu chake cha sheria, ada yake na bingwa wake wa taifa, kwa hiyo nchi moja hupata mabingwa kadhaa wa rika moja kila mwaka, na hakuna anayeona ajabu.

Kocha, ambaye mara nyingi ni mzazi tu aliyejitolea, lazima achague. Atauliza bei, atauliza umbali wa safari. Lakini ndani ya hesabu hizo limejificha swali ambalo wanafalsafa na wanafiqhi wamelihangaikia kwa karne nyingi: sheria uliyojichagulia mwenyewe, na unayoweza kuihama kesho, inakufunga kwa kiasi gani?

Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua swali hilo. Wengi wao ni Mashafii, lakini hakuna anayemtoa Mhanafi katika dini; madhehebu manne ya Sunni yanaheshimiana. Walichokikemea wanazuoni ni tabia ya kuzunguka madhehebu yote ukiokota nafuu ya hili na nafuu ya lile, mpaka dini yako inakuwa mkusanyiko wa yale uliyoyapenda. Mtu wa namna hiyo, kwa hoja yao, hafuati sheria bali nafsi yake. Ukiwatazama makocha wanaosajili timu moja kwenye vyama viwili au vitatu, hapa kwa sababu ya gongo, pale kwa sababu upinzani ni mwepesi na pete ya ubingwa iko karibu, utaona wanazuoni wale hawakukosea sana.

Basi kiwe chama kimoja, yaishe? Hoboken, New Jersey, inajibu vinginevyo.

Mwaka 1950 Kathryn Johnston wa Corning, New York, alikatwa misuko yake, akajiita Tubby, akacheza Little League kama mvulana. Msimu uliofuata chama kikaandika kanuni ya kuwazuia wasichana. Mwaka 1972 Maria Pepe, msichana wa Hoboken, alicheza mechi tatu bila kujificha. Makao makuu hayakuhangaika naye moja kwa moja. Yaliiambia ligi ya Hoboken kwamba itanyang'anywa kibali. Watu wa mtaani walimtaka Maria, na kocha ndiye aliyemkaribisha. Lakini kibali kikienda, watoto wote wa ligi wanapoteza msimu. Wakamtoa. Waliomtoa ndio waliojua kwamba hana kosa, na kibali kikitumiwa kama kitisho huwa na tabia hiyo ya kumtwisha mtu wa chini dhambi ya mtu wa juu.

Shirika la wanawake la NOW likafungua shauri. Creighton Hale, mwanafiziolojia aliyekuwa kiongozi wa Little League, alitoa ushahidi kuhusu udhaifu wa mifupa ya wasichana. Sylvia Pressler, aliyesikiliza shauri, hakushawishika, na Novemba 1973 akaamua wasichana wacheze. Mwaka 1974 Little League ilisalimu amri, na mwaka huo huo ndipo ilipoanzisha softiboli ya wasichana. Mwenye shaka anaruhusiwa kuuliza kama huo ulikuwa ukarimu au njia ya kuwapeleka pembeni. Maria, kwa vyovyote, alikuwa ameshapita umri.

Kisa kingine ni cha mpira wa kikapu, ila kinagusa imani waziwazi zaidi. Mwaka 2012 Beren Academy, shule ya Wayahudi wa Orthodox huko Houston, ilifika nusu fainali ya TAPPS, chama cha shule binafsi na za kidini za Texas. Mechi ilipangwa Ijumaa saa tatu usiku, Sabato ikiwa imeshaingia. TAPPS ilikataa kuisogeza: ratiba ni ratiba, na shule ilijiunga ikiijua. Ajabu ni kwamba chama hicho hakipangi mechi Jumapili. Ratiba ilikuwa na dini tangu mwanzo, ila waumini wake walikuwa wengi kiasi cha kutoiona. Baadhi ya wazazi walipokwenda mahakamani, mechi ikasogezwa hadi saa nane mchana. Beren wakashinda, kisha wakapoteza fainali Jumamosi usiku kwa 46–42.

Mashindano ya softiboli ya wikiendi nayo huwa na mpango wake: makundi Jumamosi, mtoano Jumapili. Familia ya Kisabato inabanwa siku ya kwanza, ya Kibaptisti siku ya pili. Kocha anayeacha chama kimoja akaenda kingine kwa ajili hiyo anafanya kitendo kile kile cha mwokota nafuu, na bado si mtu yule yule, kwa kuwa yeye anatafuta mahali ambapo hatalazimika kumtoa mtoto. Tofauti iko kwenye nia, na fomu ya usajili haiulizi nia.

Kinachoweza kuulizwa kabla ya kulipa ada ni hiki: timu ikitangaza mapema kwamba haichezi siku fulani, itapangwa vipi? Na msichana akiwa na malalamiko dhidi ya kocha, nani anayapokea? Sheria ya serikali ya shirikisho ya Marekani iliyotiwa saini Februari 2018 inataka tuhuma za unyanyasaji wa watoto michezoni ziripotiwe ndani ya saa 24. Kocha aulize jina la mtu anayepokea ripoti hizo, na aulize mbele ya wachezaji, kwa sababu fomu wanaitia saini wazazi, na wachezaji ndio watakaocheza chini yake.