Mzigo Kwanza, Injini Baadaye

Wanangu mnaoishi hapa Doha na kuandika hadithi za vyombo vya anga kwa Kiswahili, miswada yenu nimeisoma. Karibu yote inaanza na injini: ya nyuklia, ya ayoni, ya antimata. Chombo kimebeba nini, kinakwenda wapi na lazima kifike lini, msomaji haambiwi. Geuzeni mpangilio huo.

Mfano hauko mbali. Ras Laffan, kaskazini mwa jiji hili, hupakia meli za Q-Max, miongoni mwa meli kubwa kabisa za kubeba gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Ya kwanza, Mozah, ilikabidhiwa mwaka 2008: urefu mita 345, mzigo mita za ujazo 266,000, kwenye baridi ya nyuzi 160 na ushei chini ya sifuri. Mzigo huo hautulii. Kila siku sehemu yake huchemka ikawa gesi tena. Kwa miaka mingi meli za namna hii ziliendeshwa kwa mitambo ya mvuke, maana gesi iliyochemka ilipelekwa kwenye boila ikachomwa. Kazi ilikuwa rahisi, ila mitambo ile ilikuwa milafi. Wenye Q-Max wakapiga hesabu za safari ndefu, wakachagua injini 2 za dizeli za mwendo wa taratibu, na humo melini wakafunga mtambo wa kuirudisha gesi kuwa kimiminika ili mzigo usipungue njiani. Baadaye hesabu zikageuka: mwaka 2015 injini za meli ya Rasheeda zikabadilishwa ziweze kuchoma gesi pia. Hapo pana riwaya nzima, na hakuna aliyeondoka duniani.

Angani tatizo ni lile lile, ila kali zaidi. Haidrojeni kimiminika hukaa kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Msukumo wake kwa kila kilo ni mzuri mno, lakini huvuja, huchemka, na hudai tangi kubwa. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya hapa Qatar, ni nafuu kuitunza. Roketi ya China, Zhuque-2, ilikuwa ya kwanza kufika kwenye mzingo wa dunia kwa methani, Julai 2023. Msafara wenu ukikaa miezi njiani, nani analinda tangi, na kwa mtambo gani?

Injini ya ayoni ndiyo mnayoionea zaidi. Mnampa rubani injini hiyo kisha mnamwambia akwepe kombora! Dawn, chombo cha NASA kilichorushwa 2007, kilisukumwa na nguvu isiyozidi uzito wa karatasi kiganjani. Kufikia kilomita 96 kwa saa kilihitaji siku 4. Lakini kilisukuma kwa miaka, kikaizunguka asteroidi ya Vesta mwaka 2011, kisha kikahamia sayari kibete ya Ceres mwaka 2015. Mpeni injini hiyo mtu mwenye haraka, hapo mtapata kisa.

Wala msimkimbie Tsiolkovsky, yule Mrusi wa hesabu za roketi. Kanuni aliyoichapisha 1903 haina huruma: ukitaka chombo kipate mwendo mara 3 ya kasi ya moshi wake, katika kila tani 20 za kuondokea, 19 ni mafuta. Injini, matangi, chakula na watu wagawane iliyobaki.

Na kwetu pia kuna la kujifunza. Roketi ya Scout iliyoipeleka setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilitumia mafuta yabisi. Ukishayawasha, huyazimi. Kwa kazi ile yalifaa kabisa. Kwa nahodha anayetaka kubadili nia katikati ya safari ni balaa. Ubora wa injini haupo nje ya safari yake.

Antimata iacheni kwanza. Andikeni upya, mniletee, na aya ya kwanza initajie mzigo, umbali na siku. Jina la injini nitalisoma baadaye.